Kubadilisha luva kwa madirisha ya alumini Dar: chumba gani umeme utashuka, chumba gani joto litapanda

Matangazo ya karakana za alumini, kuanzia Tegeta hadi Mbagala, yanafanana: toa luva za zamani, weka madirisha ya kuslaidi, nyumba ipendeze na umeme upungue. La kupendeza halina ubishi. La umeme ni kweli nusu, na nusu hiyo ina masharti ambayo muuzaji hayataji kwa sababu hayamo kwenye dirisha analouza. Yamo kwenye ukuta unaolizunguka.

Tunachopima hapa ni huduma nzima: fremu, kioo na kazi ya fundi anayelipachika, kwa nyumba ya kawaida ya Dar, ya tofali za saruji, dari ya jipsamu au mbao, kiyoyozi kimoja au viwili vyumbani, LUKU ukutani. Ushauri mwingi wa mtandaoni kuhusu madirisha na nishati umetoka nchi za baridi, ambako watu hupambana joto lisitoke. Huku kwetu mgeni asiyetakiwa ni unyevu.

Chukua usiku wa Februari. Nje nyuzi 26, unyevu wa hewa asilimia 85. Ndani AC imewekwa 25. Ukiangalia kipimajoto utasema hewa ivuje tu, tofauti ni nyuzi moja. Lakini kila kilo ya hewa ya nje imebeba mvuke wa gramu 18 hivi, na hewa ya ndani iliyokaushwa hadi asilimia 55 ina gramu 11. Gramu hizo saba ndizo zinazokula umeme, kwa sababu kiyoyozi lazima kizigeuze maji na kuyamwaga nje kwa ule mpira unaodondoka ukutani.

Tufanye hesabu. Chumba cha mita 4 kwa 3.5, dari mita 2.8, kina hewa ya karibu kilo 45. Hewa yote ikibadilishwana na ya nje mara moja, umeingiza gramu 315 za maji. Tuseme luva zimechoka na upepo upo, hewa inabadilika mara tatu kwa saa: usiku wa saa nane ni lita saba na nusu. Kukamua lita moja ya maji kutoka hewani ni kuondoa joto la uniti 0.68. Kiyoyozi kinachotoa ubaridi mara tatu ya umeme kinaokula kitatumia uniti 0.23 kwa kila lita. Kwa lita zote hizo ni uniti 1.7. Kwenye T1, kundi la bei la matumizi ya kawaida, uniti ni shilingi 292, na ukijumlisha VAT na tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati) inakaribia 356. Ndiyo maana elfu kumi hukupa uniti 28 hivi, kabla kodi ya jengo haijakatwa. Basi uvujaji huo unakugharimu kama shilingi 600 kwa usiku, kwa chumba kimoja.

Sasa dirisha jipya, limefungwa vizuri, limeshusha mabadiliko ya hewa hadi mara moja kwa saa. Umeokoa uniti 1.1, kama shilingi 400 kwa usiku, elfu kumi na mbili kwa mwezi. Tuseme dirisha pamoja na kupachika vimekugharimu laki tano, na chumba kina dirisha moja: hela itarudi baada ya miezi arobaini na kidogo, ikiwa unalala na AC kila siku. Kama unaiwasha Desemba hadi Machi tu, zidisha hiyo mara tatu. Mwenye chumba cha pembeni chenye madirisha mawili azidishe tena.

Na usitarajie kushuka chini ya hapo. Watu wawili waliolala wanahitaji hewa safi ya takriban mita za ujazo 50 kwa saa, wakati chumba chetu kina 39. Mara moja kwa saa tayari ni kidogo kwa watu wawili. Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani hakileti hewa ya nje hata chembe, kinazungusha ileile. Chumba kilichozibwa kabisa hukuamsha na kichwa kizito, na watu husingizia baridi ya AC. Ukishaziba, acha mlango wa chumba uwe na mwanya chini, au fungua dirisha dakika kumi kabla ya kulala na ukiamka. Jiko la mkaa lisiingie humo hata kama makaa yanaonekana yamekwisha: hewa yake yenye sumu haina harufu, na luva zilizokuwa zinakunusuru bila wewe kujua hazipo tena.

Tundu linalohama

Kosa kubwa kwenye huduma hii linahitaji rula tu kulielewa. Dirisha la mita 1.5 kwa 1.2 lenye luva lina safu mbili za vioo vinane vinane. Kila safu ina mistari tisa inayoweza kupitisha hewa: saba kati ya kioo na kioo, mmoja juu na mmoja chini, kila mmoja wa sentimita 70. Ukiipanga yote unapata mita 12.6. Kila mstari ukiwa na mwanya wa milimita moja, jumla ni sentimita za mraba 126, tundu la kupitisha ngumi.

Fundi akaling'oa, akaweka la alumini. Mzunguko wa fremu mpya ni mita 5.4. Akiacha milimita mbili kati ya fremu na ukuta, akapitisha silikoni upande wa nje tu, ikakauka na kubanduka, una sentimita za mraba 108. Tundu limehama kutoka kwenye kioo kwenda ukutani, na huku ndani limefichwa na pazia. Mwenye nyumba anaangalia LUKU mwezi mzima, haoni tofauti, anasema alumini ni urembo tu.

Juu ya dirisha kuna jambo lingine. Nyumba nyingi za miaka ya nyuma zina matundu ya hewa juu ya linta (boriti ya zege inayopita juu ya dirisha), tofali zenye nafasi au mabomba yaliyozibwa na wavu. Mawili ya sentimita 10 kwa 15 ni sentimita za mraba 300, zaidi ya mara mbili ya luva zote. Hakuna fundi wa alumini atakayekutajia hayo, si kazi yake. Tundu la bomba la AC nalo, likiwa na kipenyo cha milimita 65, ni sentimita za mraba 33, na mara nyingi limezibwa kwa karatasi. Dari za mbao zilizoachana na mashimo ya taa zinavuja kwenda darini, ambako mchana hewa ni moto kuliko ya nje. Kabla ya kulipia dirisha la chumba chenye AC, ziba haya kwa saruji, puti au kifuniko cha kufungua na kufunga. Gharama yake ni ya mfuko mmoja wa saruji na nusu siku ya fundi. Kwenye chumba kisicho na AC usiguse hata moja. Aliyeyaweka alijua anachofanya, hewa ya moto hupanda na inahitaji pa kutokea.

Aina zilizopo, na tunavyoziona

Dirisha la kuslaidi ndilo linalouzwa zaidi. Kioo kinapita kwenye reli, na kati ya kioo kinachotembea na fremu kuna brashi ya nywele, si mpira. Brashi hupunguza upepo, haiuzuii. Ile yenye utepe mwembamba wa plastiki katikati ya nywele inabana vizuri zaidi. Ulizia hiyo, maana bei yake si jambo la kuumiza kichwa na fundi anaichomeka palepale. Mahali panapovuja zaidi ni pale vioo viwili vinapopishana katikati, na kwenye pembe ambako brashi imekatwa fupi kwa sentimita moja. Weka kidole hapo usiku wa upepo wa kusi utaisikia.

Kasoro ya pili ya kuslaidi haihusu kuvuja. Hufunguka nusu. Dirisha la mita za mraba 1.8 linakupa upepo wa 0.9, tena kupitia wavu. Luva, kwa ubaya wake wote, hufunguka karibu lote, na unaweza kuziacha zimeinama mvua ikinyesha. Kwa hiyo sebule yenye feni, isiyo na AC, ukiibadilisha kutoka luva kwenda kuslaidi umeipunguzia hewa karibu nusu. Feni ya dari hula wati 50 hadi 75. Kiyoyozi cha BTU 12,000 hula wati elfu moja na kitu. Dirisha jipya likikusukuma kununua AC ya sebuleni, hesabu ya kuokoa umeme imekufa hapo.

Dirisha la bawaba, linalofunguka kama mlango, ndilo tunalolipa alama za juu kwa chumba chenye AC. Linabanwa na mpira pande zote nne, komeo likivuta kioo kwenye fremu, na likifunguliwa linatoa nafasi yote. Tatizo lake Dar ni nondo. Zikiwa ndani, kama zilivyo nyumba nyingi, dirisha lazima lifungukie nje, na mkono lazima upite kwenye nondo kufikia komeo. Mwambie mchomeleaji aache nafasi ya sentimita 12 kwa 15 mkabala na komeo kabla hajapaka rangi. Wengi hugundua baada. Wavu nao utalazimika kukaa ndani, kwenye fremu yake ya kufungua. Na bawaba ziwe za chuma kisichoshika kutu: Masaki, Msasani, Mbezi Beach, Kunduchi na Kigamboni chumvi ya bahari inatafuna bawaba ya bei poa, kioo kinaanza kulala, pembe ya juu haibani tena, na mpira wote ule umekuwa pambo.

Madirisha ya plastiki ngumu, wanayoyaita PVC, hayajali chumvi na hubana vizuri. Mafundi wake ni wachache kuliko wa alumini. Hakikisha ndani ya fremu kuna chuma cha kuiimarisha, ipime kwa sumaku ubavuni, la sivyo fremu pana hupinda kwa jua la magharibi na komeo halikutani na tundu lake.

Madirisha ya chuma ya fleti za zamani, kama zile za Upanga, yasidharauliwe. Mengi yanavuja kwa sababu puti imekauka na rangi imepakwa tabaka juu ya tabaka hadi yamekataa kufunga. Kuyakwangua, kubadilisha puti, kunyoosha komeo na kubandika utepe wa mpira hukupa sehemu kubwa ya faida ya dirisha jipya kwa gharama ndogo mno. Luva hazikarabatiki hivyo. Unaweza kubadilisha klipu zilizolegea na vioo vilivyopasuka, ukapunguza mwanya, lakini kioo juu ya kioo bila mpira hakitabana kamwe.

Kiwango cha Ulaya cha EN 12207 hupanga madirisha kwa madaraja manne ya kuvuja. Kwenye shinikizo la paskali 100, daraja la 1 linaruhusu mita za ujazo 50 za hewa kwa saa kwa kila mita ya mraba ya dirisha. Daraja la 4 linaruhusu 3 tu. Baadhi ya wauzaji wa profaili, yaani vipande virefu vya kuundia fremu, wana vyeti hivyo na hupenda kuvionyesha. Cheti ni cha dirisha lililounganishwa kwenye maabara. Lako linakatwa kwa msumeno kwenye karakana ya mtaani, na pembe yake isipokutana vizuri ile namba haina maana yoyote.

Kioo: usinunue hofu ya baridi

Hapa ndipo wateja hupigwa pesa. Vioo viwili vyenye hewa katikati vinauzwa kama suluhisho la joto. Fanya hesabu kwa dirisha letu la mita 1.8 za mraba, nje 32, ndani 25. Kioo kimoja hupitisha, kwa tofauti hiyo ya joto, wati 73 hivi. Viwili vya kawaida, wati 35. Umeokoa wati 38, chini ya balbu moja ya zamani. Jua la saa kumi jioni likipiga dirisha hilohilo la magharibi kwa wati 600 kwa kila mita ya mraba, kioo cheupe kimoja kinaingiza karibu wati 900, robo ya uwezo wote wa kiyoyozi cha BTU 12,000. Vioo viwili vyeupe vinaingiza 800 hivi. Kioo cha rangi cha milimita 5 au 6, kama 650, na chenyewe kinachemka hadi ukikigusa unatoa mkono. Pazia la mianzi au turubai lililotundikwa nje ya dirisha, sentimita kumi mbele ya kioo, linashusha hadi 200 au chini yake.

Pazia la ndani halifanyi kazi hiyo, joto limeshaingia. Kibaraza cha juu nacho husaidia kaskazini na kusini, ambako jua letu hupita juu, lakini mashariki na magharibi jua linakuja chini, usawa wa macho, na kibaraza hakilioni. Mti wa mwarobaini upande wa magharibi una faida kuliko katalogi yoyote ya vioo, ila haupandwi leo ukatoa kivuli kesho.

Vioo viwili vina kazi yake: kelele. Ukiwa Sinza jirani na baa, au umepakana na Morogoro Road, lipia. Hata hivyo kelele nayo hupita kwenye mwanya uleule wa fremu, kwa hiyo kazi ya ukutani inabaki palepale. Na kioo cha kuakisi, kile kinachokuficha mchana, usiku taa zikiwaka kinageuka: wewe ndiye unayeonekana.

Jinsi kazi inavyotakiwa kufanyika

Vipimo huchukuliwa baada ya luva kutoka, si juu yake. Upana mara tatu, juu, kati na chini. Kimo mara tatu. Halafu pembe kwa pembe. Fremu hukatwa kwa kipimo kidogo kuliko vyote, kupunguza milimita 10, yaani nafasi ya 5 kila upande. Ukuta wa zamani ukipinda zaidi ya hapo, unasawazishwa kwa plasta kwanza na kuachwa ukauke. Fundi anayesema silikoni itameza tofauti ya sentimita mbili, mlipe nauli aende.

Fremu husimamishwa kwa kabari za plastiki, na vipimo vya pembe kwa pembe vikitofautiana kwa zaidi ya milimita 3 inalegezwa na kurekebishwa kabla ya skrubu. Skrubu ya kwanza milimita 150 kutoka kila pembe, zinazofuata zisipishane zaidi ya 600. Ziwe za chuma kisichoshika kutu, na kwa nyumba za ufukweni gredi ya 316, kwa sababu 304 nayo hutoa madoa ya kutu karibu na bahari. Skrubu nyeusi za jipsamu, ambazo ni nafuu na zimejaa kwenye mifuko ya mafundi, hufa ndani ya misimu michache na kuacha mchirizi wa kahawia kwenye alumini nyeupe.

Ile milimita 5 ijazwe. Inaingizwa kamba ya sponji kwanza, kisha silikoni juu yake, ndani na nje. Sponji ina kazi mbili: inazuia silikoni isizame, na inaifanya ishike pande mbili tu, fremu na ukuta, ili iweze kunyumbulika jua likipanua alumini. Silikoni iliyojazwa hadi chini inashika pande tatu na kuchanika. Povu la kujaza, kama litatumika, liwe kidogo na kwa awamu mbili, kwa sababu likivimba linabinua fremu na kioo kinaanza kugoma. Na lisiachwe wazi juani, huwa unga.

Silikoni yenyewe inuse. Inayonuka siki inafaa kioo kwa kioo, haishiki vizuri kwenye saruji. Ya ukutani ni ile isiyo na harufu ya siki, mkebe wake umeandikwa “neutral”, na kwamba ni ya saruji na alumini. Duka lolote kubwa la vifaa Kariakoo wanazo zote mbili, na tofauti ya bei ndiyo inayomfanya fundi akuletee isiyofaa. Dirisha moja la ukubwa huu, ndani na nje, humaliza karibu mkebe mzima. Ukiona mmoja umetosha madirisha matatu, ujue amepaka tu.

Ukuta upanguswe vumbi na uwe mkavu. Kazi ya masika huharibika hapo. Na karatasi ya kulinda alumini ibaki hadi plasta imalizike, maana saruji mbichi inaila alumini na kuacha mabaka yasiyotoka. Kisha ibanduliwe mara moja, la sivyo jua linaichoma na gundi inabaki.

Reli ya chini ina matundu madogo ya kutolea maji. Fundi mwenye bidii huyaziba kwa silikoni akidhani anazuia hewa. Mvua ya kwanza ya masika reli inajaa na maji yanamwagika ndani, kitandani. Yaachwe wazi, yawekewe vifuniko vya ulimi vinavyofunguka kwa maji tu. Kizingiti cha nje kiwe kimeinama kwenda nje.

Kupokea kazi

Usimalizie malipo siku ya kupachika. Subiri silikoni ikauke siku mbili, ndipo ujaribu. Weka kipande cha karatasi kati ya kioo na fremu, funga, vuta: kikitoka bila kukwama, hapo hapabani. Rudia kila sentimita 30, zaidi kwenye pembe. Jioni ya upepo funga kila kitu, zima feni na AC za nyumba nzima, washa feni ya kutoa hewa ya jikoni ukiacha milango ya ndani wazi. Kisha pitisha kijiti cha udi taratibu kuzunguka fremu, hasa pale silikoni inapokutana na plasta. Moshi ukinyooka, sawa. Ukivunjika na kurudi chumbani kama umepulizwa, tia alama kwa penseli. Utashangaa alama nyingi zitakuwa ukutani, chache kwenye kioo. Mwisho mpira wa bustani, dakika kumi, kuanzia chini kwenda juu, mtu mwingine akiwa ndani na taa.

Kupima umeme kuna njia mbili. Soma uniti zilizobaki kwenye LUKU ukiingia kulala na ukiamka, usiku saba kabla na saba baada, AC namba ileile, vitu vingine vikiwa kama kawaida. Au, kwa asiyetaka kusumbuliwa na friji kuingia kwenye hesabu, weka ndoo chini ya mpira wa maji wa kiyoyozi na pima asubuhi. Watu wawili peke yao hutoa kama robo tatu ya lita kwa usiku. Kilichozidi kimetoka nje. Ndoo ikishuka kutoka lita nane hadi tatu, dirisha limefanya kazi. Ikibaki pale pale, rudi kwenye udi.

Asubuhi ukikuta kioo kinatoka jasho upande wa nje, usimwite fundi. AC yako iko 18, kioo kimepoa chini ya kiwango ambacho hewa ya Dar huanza kudondosha maji. Panda hadi 25. Chumba kilichokauka, nyuzi 25 zinatosha kulala na shuka.

Kwa jumla: chumba cha kulala chenye AC inayowaka kila usiku, bawaba 8 kati ya 10, kuslaidi yenye brashi nzuri 6, ikiwa tu ukuta umefungwa. Sebule isiyo na AC, kuslaidi 3. Vumbi na kelele vitapungua kote, na kwa walio kandokando ya barabara za vumbi hiyo pekee inaweza kuwa sababu ya kutosha.

Vioo vya luva vilivyotolewa chumbani vifunge kwenye gazeti, na klipu zake zitie kwenye kopo. Sebule itavihitaji, na kukatiwa kioo kimoja kimoja cha saizi hiyo si rahisi kama zamani.